Matone ya macho, sprei ya puani na nyasi za Novemba

Swali: "Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, naishi Nyegezi, Mwanza. Kila mwaka mvua za vuli zikishakolea, kuanzia Novemba hivi, macho yananiwasha mpaka natamani kuyang'oa. Napiga chafya kumi mfululizo mbele ya wanafunzi, pua inachuruzika maji. Nikimeza Piriton nasinzia darasani. Duka la jirani walinipa matone ya kichupa cheupe, yakanituliza siku ile ile, basi nimekuwa nikiyarudia kila hali ikianza. Sasa mfamasia mmoja wa mjini kaniambia niyaache, ninunue matone ya aleji na sprei ya puani, na bei yake ni mara kadhaa ya ile. Hizi dawa zinafanyaje kazi? Nahitaji zote mbili? Nikizizoea, si nitazitegemea maisha yangu yote? Na mwanangu wa miaka minane, ambaye naye anasugua macho kutwa, naweza kumdondoshea hizo hizo zangu?"

Mwangaluka, Mwalimu.

Kabla ya maswali yako manne nina ombi moja. Kichukue kile kichupa cheupe, usome maandishi madogo yaliyo chini ya jina kubwa la biashara. Ukikuta neno linaloishia na -sone au -solone, kama dexamethasone, betamethasone au prednisolone, ujue ulichokuwa ukidondoshea ni steroidi. Mara nyingi huchanganywa na dawa ya bakteria, kama gentamicin au neomycin, ndiyo maana wauzaji wengine huisifu kwamba inatibu kila kitu. Kwenye tatizo lako bakteria hawamo, kwa hiyo hiyo nusu ya dawa ilikwenda bure. Nusu nyingine ndiyo iliyokufurahisha. Steroidi hulipoza jicho lenye mzio haraka na vizuri kweli, na ubaya wake umejificha hapo hapo, maana mtu akishapata nafuu ya namna hiyo hana sababu ya kuishuku.

Kwa baadhi ya watu, steroidi ya machoni ikitumiwa mfululizo hupandisha presha ya ndani ya jicho katika wiki chache tu. Presha hiyo kwa kawaida haiumi wala haiwashi. Jicho linang'aa, jeupe, unajitazama kwenye kioo unaridhika, na kumbe mshipa wa fahamu unaopeleka picha kwenye ubongo unakufa polepole, na kuona kunapotea kuanzia pembeni. Mshipa huo ukishakufa haurudi. Sisi watu weusi tuna hatari kubwa zaidi ya presha ya macho hata bila kudondoshea kitu. Ikitumika miezi kwa miezi huleta pia mtoto wa jicho, na kama kuna kirusi cha malengelenge au ukungu kwenye kioo cha jicho, steroidi huuondoa ulinzi wa mwili na kuviachia vile vijidudu uwanja. Sisemi ni dawa mbaya. Daktari wa macho huiandika kila wiki, lakini anapima presha, anahesabu siku, anajua lini ataikata. Ni dawa ya cheti, na haikupaswa kukufikia kama unavyonunua peremende.

Kwa hiyo mfamasia wako wa mjini alikuambia kweli. Kama ulikuwa ukidondoshea siku moja mbili kisha unaacha, iache kabisa. Kama umeitumia kila siku kwa wiki kadhaa, usiikate ghafla peke yako. Nenda kliniki ya macho, iwe Sekou Toure au Bugando, wapime presha na wakupangie namna ya kuipunguza. Vyovyote vile kapimwe presha mara moja, hata kama unaona vizuri.

Sasa nirudi kwenye ulichouliza.

Mzio, au aleji kama tunavyosema mitaani, ni mwili kumdhania mgeni asiye na silaha kuwa ni jambazi. Kwako wewe mgeni huyo yaelekea ni chavua ya nyasi. Nyasi haina ua la kumvutia nyuki, inategemea upepo, kwa hiyo inamwaga unga mwingi mno hewani ili punje chache zifike zinakotakiwa. Mvua za vuli zikianza Oktoba, wiki chache baadaye nyasi zimekwishatoa vishada. Novemba yako hiyo. Na wewe ni mwalimu wa shule ya msingi, ambako wanafunzi hufyeka uwanja. Hakuna namna nzuri zaidi ya kurusha chavua na vumbi la majani usoni pa mtu kuliko watoto hamsini wenye fyekeo.

Sisemi ni nyasi peke yake. Vitabu vingi vya mzio vimeandikwa kwa ajili ya Ulaya, ambako majira yanahesabiwa kwa miti inayochanua baada ya baridi. Kwetu kando ya ziwa kuna unyevu mwaka mzima, na utitiri wa vumbi kwenye magodoro unaupenda unyevu huo, kuna mende, kuna ukungu wa ukutani. Halafu kuna wale wadudu wadogo wa ziwani wanaopanda juu ya maji kama nguzo za moshi, hasa karibu na mwezi mwandamo, wakija mjini wanajaa kwenye taa na asubuhi unawafagia kwa ufagio. Kule Wadi Halfa, kando ya Nile nchini Sudani, watafiti waligundua kwamba ndugu zao wa aina hiyo ndio waliokuwa wakiwaletea watu pumu na mafua ya mzio, na kinachochokoza ni himoglobini ambayo mdudu anakuwa nayo tangu akiwa funza majini. Kwa hiyo ukiona dalili zako zinafuata mwezi badala ya mvua, watazame hao. Moshi wa kuni na vumbi la barabarani ni jambo jingine: vinachokoza jicho la mtu yeyote, mwenye mzio na asiye nao, na antihistamini, yaani dawa ya mzio, haivisaidii sana.

Mwili uliokosea namna hiyo hutengeneza kingamwili za kundi linaloitwa IgE, nazo hujibandika juu ya seli zinazoitwa masti. Seli hizi zimetapakaa pale ambapo mwili unakutana na dunia: kwenye utando mwembamba unaofunika weupe wa jicho na upande wa ndani wa kope, na kwenye ngozi laini ya ndani ya pua. Kila seli imebeba mamia ya vifuko, na ndani ya vifuko kuna histamini. Chavua ikitua na kuzishika kingamwili mbili kwa pamoja, seli inafungua vifuko vyake. Ni suala la dakika. Histamini inakwenda kwenye mishipa ya fahamu, unawashwa na kupiga chafya. Inakwenda kwenye mishipa ya damu, inapanuka na kuvuja, jicho linakuwa jekundu na kope linavimba. Pua nayo inaanza kuchuruzika maji.

Lakini histamini haifanyi kazi hewani. Lazima ikae mahali, kwenye vipokezi. Wewe ni mtu wa Nyegezi, basi vifikirie vipokezi kama viti vya daladala asubuhi. Histamini ikikaa, gari linaondoka, yaani unawashwa. Antihistamini ni abiria aliyewahi kufika: anakaa kwenye kiti, halipi nauli, hashuki njiani, na gari haliendi popote. Histamini ikifika mlangoni inakuta viti vimejaa. Haijafa, bado iko pale stendi, ila haina pa kukaa mpaka mwili uisafishe. Mfano huu una kasoro moja, kwamba kwenye daladala aliyekaa hainuliki, ilhali antihistamini ikija kwa wingi humwinua aliyetangulia. Ndiyo maana dawa husaidia hata kama umechelewa. Ila aliyechelewa anakuta fahamu zimekwishaamka na mishipa imekwishavuja, na hapo nafuu huja nusu nusu.

Kutokana na hilo unaweza kuona kwa nini matone haya yanafaa zaidi ukidondoshea asubuhi kabla ya kutoka kuliko ukisubiri jicho liwake moto. Na kwa nini ni mara mbili kwa siku: abiria huyo hukaa kwa muda wa saa nane mpaka kumi na mbili, kisha anashuka.

Matone yenyewe utakayoyakuta ni hasa olopatadine au ketotifen. Olopatadine ya asilimia 0.1 ni tone moja kila jicho asubuhi na jioni, ipo pia ya asilimia 0.2 ambayo ni mara moja kwa siku. Ketotifen ni ya asilimia 0.025, nayo asubuhi na jioni. Zote mbili zina kazi ya pili ninayoipenda kuliko ile ya kwanza. Mbali na kukalia viti, huituliza seli ya masti yenyewe isifungue vifuko. Mwasho hupungua ndani ya dakika chache, lakini utulivu huu wa pili hujengeka kwa siku kadhaa za kutumia bila kuruka. Kuna dawa kongwe zaidi, sodium cromoglicate ya asilimia 2, ambayo kazi yake ni hii ya pili tu. Inadondoshewa mara nne kwa siku, inahitaji siku kadhaa hadi wiki mbili kabla hujaiona faida, na mwenye papara huitupa siku ya tatu akisema ni maji. Kama mfuko unabana na una nidhamu ya mara nne kwa siku, si dawa ya kudharau. Mwalimu ana kengele ya kumkumbusha.

Piriton yako ni ukoo huo huo wa antihistamini, ila ni ya kizazi cha kwanza. Ukoo wenyewe ulianzia Paris mwaka 1937, Daniel Bovet na wenzake walipopata kemikali ya kwanza ya kuizuia histamini. Ilikuwa na sumu mno kwa binadamu, lakini njia ikafunguka, na mwaka 1957 Bovet akapata Tuzo ya Nobel. Dawa za kizazi hicho cha kwanza hupenya hadi kwenye ubongo, na huko histamini ina kazi nyingine kabisa, ya kutuweka macho. Dawa ikikalia viti vya ubongoni, unasinzia juu ya daftari. Kwako ni aibu ndogo mbele ya darasa la tatu. Kwa dereva wa bodaboda au mvuvi aliyeko ziwani usiku si jambo la kucheka, na nimewaona wengi wakiitafuna kama karanga. Ukitaka kidonge, cetirizine au loratadine ya miligramu 10 mara moja kwa siku husinzisha kidogo sana au haisinzishi kabisa.

Ila tazama hesabu hii. Kidonge cha miligramu 10 kinazunguka mwili mzima ili sehemu ndogo sana ifike jichoni. Tone moja lina ujazo wa kama mililita 0.04, na olopatadine ya asilimia 0.1 ina miligramu 1 katika kila mililita. Yaani tone lina miligramu 0.04 tu, lakini yote imewekwa mlangoni kwa mgonjwa. Ndiyo faida ya dawa ya mahali: kiasi kidogo, kazi ya haraka, na ubongo unaachwa ufundishe hesabu.

Kuhusu bei, usilinganishe kichupa kwa kichupa. Kichupa cha mililita 5 hutoa matone kama 120. Kwa matone manne kwa siku, macho mawili, kinafika mwezi, na mwezi ndio muda wenyewe, kwa sababu kichupa kilichofunguliwa hutupwa baada ya wiki nne hata kikibaki na dawa. Andika tarehe ya kufungua kwa kalamu juu ya lebo. Gawa bei kwa siku thelathini, kisha uiweke kando ya unachotumia kwenye vocha. Wanaosema hakikufika hata wiki mbili mara nyingi wanadondoshea matone matatu matatu. Nyumba ya jicho haina nafasi ya zaidi ya tone moja, yanayofuata yanateremka shavuni.

Namna ya kudondoshea, kwa kuwa hakuna anayefundishwa dukani: nawa mikono, inua uso, vuta kope la chini liwe kama kijifuko, dondoshea tone moja bila ncha ya kichupa kugusa jicho wala kope. Fumba bila kukamua. Kisha bonyeza kwa kidole kona ya ndani ya jicho, pale karibu na pua, kwa dakika moja au mbili. Kuna kitundu pale kinachomwaga machozi kwenda puani, na usipokibana dawa yako ya bei itaishia kooni ukihisi uchungu. Kama una matone ya aina mbili, acha dakika tano katikati. Wanja uweke pembeni mpaka macho yatulie. Kichupa kiweke mahali pa kivuli, mbali na jiko na dirisha la jua. Ukikipoza kidogo kabla ya kudondoshea utapata raha ya ziada.

Na usisugue. Najua ni rahisi kusema. Kusugua peke yake, bila hata chavua, hutikisa seli za masti zikafungua vifuko, kwa hiyo unasugua kwa sababu unawashwa na unawashwa kwa sababu ulisugua. Kitambaa safi kilicholoweshwa maji baridi juu ya macho yaliyofumbwa kwa dakika tano kinafanya kazi nzuri kuliko vidole. Kuna jambo jingine dukani, matone ya "kuondoa wekundu", ambayo ndani yana naphazoline au tetrahydrozoline. Yale hubana mishipa ya damu tu, jicho liwe jeupe kwa saa chache, kisha wekundu hurudi na wenzake. Hayatibu mzio.

Pua sasa.

Hapa lazima nitofautishe chafya na kuziba. Chafya, mwasho wa pua na maji maji yanayochuruzika ni kazi ya histamini, na antihistamini huzimudu vizuri. Kuziba ni hadithi nyingine. Saa chache baada ya chavua kutua, seli nyingine za kinga huitwa kwenye eneo la tukio, zinakuja na kemikali zao, na ngozi ya pua inavimba. Hilo ni wimbi la pili, ndilo linalokufanya upumulie mdomo usiku ilhali chavua uliivuta mchana. Antihistamini imezuia wimbi la kwanza, la pili linaipita pembeni.

Kwa hiyo kuna sprei za aina mbili, na watu huzichanganya. Sprei ya antihistamini, kama azelastine, huanza kazi kwa kama robo saa. Inafaa kwa mtu anayejua saa tano kuna kufyeka. Ina uchungu ikiteremka kooni, na wachache husinzia kidogo, basi siku ya kwanza uijaribu nyumbani. Aina ya pili ni sprei ya steroidi: beclometasone, fluticasone, mometasone, budesonide. Hii haina haraka. Inaanza kuonekana baada ya nusu siku hivi, na nguvu yake kamili huja baada ya siku kadhaa hadi wiki mbili za kupuliza kila siku. Lakini ikishashika, inazima mawimbi yote mawili, kuziba kukiwamo, na kwa mtu anayesumbuka wiki nyingi mfululizo kama wewe ndiyo dawa ninayoiweka mbele. Zipo pia sprei zilizochanganya azelastine na fluticasone kwa wale ambao moja haikuwatosha.

Najua unachofikiria. Nimekutisha kuhusu steroidi machoni, sasa nakuuzia puani? Naam. Ngozi ya pua si kioo cha jicho. Dozi ni ndogo, ni mikrogramu, na dawa kama fluticasone na mometasone zikimezwa ini huzivunja karibu zote kabla hazijafika popote. Madhara ya kawaida ni pua kukauka na kutoka damu kidogo, tena mara nyingi kwa kosa la kupuliza vibaya. Mwenye presha ya macho au mwenye ndugu wa damu aliye nayo amwambie daktari. Ila usije ukadhani kwa kuwa majina yanafanana unaweza kuhamisha dawa ya jicho kwenda puani au ya pua kwenda jichoni.

Kupuliza: penga kamasi kwanza. Inamisha kichwa mbele kidogo, usikirudishe nyuma. Tumia mkono wa kulia kwa tundu la kushoto na wa kushoto kwa tundu la kulia, ncha ielekee nje, upande wa sikio, sio kwenye ukuta wa katikati. Huo ukuta wa katikati ndio unaotoka damu. Puliza huku ukivuta pumzi taratibu, kama unanusa ua. Ukivuta kwa nguvu kama mtu wa ugoro, dawa imekwenda tumboni. Kichupa kipya kipulizwe hewani mara kadhaa mpaka kitoe ukungu.

Kabla ya sprei unaweza kuosha pua kwa maji ya chumvi: kijiko kimoja cha chai cha chumvi, kilichosawazishwa, kwenye maji ya nusu lita na kidogo yaliyochemshwa yakapoa. Yamechemshwa, nasisitiza. Maji ya ziwa hayapandi puani hata yakionekana safi kama kioo pale Capri Point. Na maji haya ni ya pua tu.

Sasa swali lako la kutegemea dawa. Antihistamini za machoni na za puani hazina uraibu, na sprei ya steroidi vile vile. Ukiziacha dalili zinarudi kwa sababu nyasi bado zipo, sio kwa sababu mwili unaidai dawa. Vuli ikipita unaziweka chini. Hofu yako hata hivyo haikutoka hewani, maana kuna dawa moja ya puani inayomfunga mtu kweli: xylometazoline na ndugu yake oxymetazoline, zile za kuzibua pua. Zinabana mishipa ya damu, pua inafunguka ndani ya dakika chache, raha tupu. Ukizidisha siku tano, pua huanza kuziba kwa sababu ya dawa yenyewe, unapuliza tena, inaziba zaidi. Nina wateja waliotembea na kichupa hicho mfukoni miaka, wakipuliza hata kanisani. Unaponunua sprei, soma jina dogo tena.

Je, unahitaji zote mbili? Kwa maelezo yako, macho ndiyo yanayokutesa zaidi na pua inafuata. Ningeanza na matone ya olopatadine au ketotifen asubuhi na jioni, pamoja na sprei ya steroidi ya puani mara moja kwa siku. Kuna jambo wengi hawalijui: pua na macho vinazungumza kupitia mishipa ya fahamu, pua ikichokozwa macho nayo hutoa machozi. Kwa hiyo sprei ya pua ikitumiwa vizuri hupunguza hata mwasho wa macho, na baada ya wiki mbili tatu huenda ukaweza kudondoshea zile siku mbaya tu. Kama fedha inatosha kitu kimoja na pua inaziba, nunua sprei. Kama pua inachuruzika tu na macho ndiyo kero, nunua matone, na uongeze loratadine siku ya chafya nyingi. Mwaka kesho usingoje Novemba: anza sprei wiki mbili kabla, mvua za kwanza zikigonga bati. Siku ya kufyeka dondoshea nusu saa kabla, vaa miwani hata ya jua, simama upande upepo unakotoka, na ukifika nyumbani nawa uso na ubadilishe nguo kabla hujajilaza kwenye mto. Kama una mimba au unanyonyesha, mweleze mfamasia kabla hajakufungia chochote.

Si kila jicho jekundu ni mzio. Mzio unawasha, mara nyingi macho yote mawili, na machozi yake ni maji. Jicho linalouma badala ya kuwasha, linaloogopa mwanga, linaloona ukungu, linalotoa usaha mzito unaogandisha kope asubuhi, au jicho moja tu, hilo ni la daktari. Mwanzoni mwa 2024, macho mekundu ya virusi yalipoenea Dar es Salaam na kwingineko nchini, watu walijidondoshea kila walichoshauriwa na jirani. Maziwa ya mama, mkojo, maji ya majani yaliyopondwa, hivyo vyote nimesikia vikitajwa kwenye kaunta yangu. Na ukisikia kifua kinapiga filimbi pamoja na chafya, uchunguzwe pumu.

Nimemwacha mwanao mwisho kwa sababu ndiye anayenishughulisha zaidi.

Kichupa chako asikiguse. Kwanza kila mtu na kichupa chake, maana ncha hubeba vijidudu kutoka jicho hadi jicho. Olopatadine na ketotifen huruhusiwa kwa watoto kuanzia miaka mitatu, kwa hiyo umri si kikwazo. Kikwazo ni kwamba sijui ana nini, na wewe pia hujui. Watoto wa umri wake, wavulana zaidi kuliko wasichana, hupata mzio wa macho mkali ambao si huu wa kwako. Mfunue kope umtazame mchana kweupe. Je, weupe wa jicho umekuwa na rangi ya udongo? Anatoa utando mweupe unaovutika kama uzi? Anafinya macho akitoka nje juani, anakaa darasani ameinamisha kichwa? Mzio huo hukomaa kwenye nchi za joto kama yetu, unaweza kudumu miaka mpaka mtoto abalehe, na vivimbe vinavyoota chini ya kope la juu hukwaruza kioo cha jicho kama msasa. Kusugua kutwa kunaweza pia kukilegeza kioo kikachomoza kama ncha ya yai, na hapo miwani ya kawaida haimsaidii tena. Unatibika. Matone yale yale ya kazi mbili ni sehemu ya tiba, kwa miezi mingi, na mara nyingine daktari huongeza steroidi ya siku chache akiwa anapima presha kila mara. Hiyo ndiyo sababu watoto hawa ndio wanaoumizwa zaidi na vichupa vyeupe vya mtaani: wanapata nafuu, mama anarudia, miaka inapita.

Barua yako haikusema kama na yeye umewahi kumdondoshea ile dawa. Kama umewahi, usione aibu, mwambie daktari ni mara ngapi na tangu lini, ndiyo habari ya kwanza atakayoihitaji. Mpeleke wiki hii, msisubiri likizo ya Desemba, na kile kichupa kibebe.